Unataka kulipwa kwa kukanyaga pedeli? Jifunze kwanza kukaa kwenye kundi

Kazi yangu ni ile ambayo kamera za televisheni huipita haraka. Nachua miguu, naosha chupa, nafunga keki za wali kwenye foili, na siku ya mbio nasimama kando ya lami nikiwa nimening'iniza mifuko ya chakula mkononi. Zamani nilishindana mwenyewe, kwetu Shinyanga, kwenye zile mbio za Kanda ya Ziwa ambazo mtu anafika na Phoenix ya chuma akiwa ameifungua karia na dinamo asubuhi ileile. Miguu ya kule naijua. Kijana aliyekua akisomba mkaa na madumu ya maji hahitaji mtu wa kumfundisha kukanyaga. Ndiyo maana wadogo zangu wakiniuliza, "Kaka, nipige mazoezi gani nifike Ulaya?", jibu langu huwaudhi: nguvu unazo, kundi hulijui.

Basi maelezo haya yataegemea hapo. Habari za baiskeli za bei mbaya nitazipita juujuu, maana mnazijua kuliko mimi.

Ujue unaomba kazi gani

Tour de France ina hatua 21, yaani mbio za siku moja moja, katika wiki tatu, na kila timu inaingiza waendeshaji 8. Kati ya hao, mmoja au wawili ndio wanaotafutiwa ushindi. Waliobaki wameajiriwa kumkinga bosi na upepo, kurudi nyuma hadi kwenye gari la timu kuchukua chupa, kuzijaza mgongoni ndani ya jezi, kisha kupenya kundi zima hadi mbele wamgawie kila mwenzao ya kwake. Bosi akipata pancha, msaidizi anashuka na kumwachia gurudumu, au baiskeli nzima. Mshindi wa jumla anapewa yuro 500,000, na desturi ni kwamba hela ile inaingia kwenye kapu la timu, igawanywe kwa wenzake na sisi watu wa nyuma.

Mbio zetu za nyumbani zinafundisha kinyume. Anayechomoka peke yake mapema, akafika na dakika kumi mkononi, ndiye shujaa wa mtaa. Sasa huyo akimwandikia kocha wa timu kwamba anashinda kila mbio za mkoa, kocha anajiuliza mambo mengine kabisa: anaweza kuvuta mbele kwa saa tatu kwa ajili ya mtu mwingine, alale, kesho arudie? Akiambiwa kwenye redio ashuke nyuma, atashuka au atanuna?

Kundi, na jinsi ya kulizoea

Kwenye barabara tambarare adui mkubwa ni hewa. Ukikaa nyuma ya mwenzako unaokoa karibu theluthi ya nguvu, na katikati ya kundi kubwa unaokoa zaidi ya hapo. Mwenye miguu ya kawaida aliyejificha vizuri kwa saa nne anafika mlima wa mwisho akiwa mzima. Mwenye miguu ya chuma aliyekaa ubavuni akipigwa na upepo anafika amekwisha. Na nafasi ya kukaa ina bei yake. Kwenye kona, wa mbele wanapunguza kidogo na kuendelea, wa katikati wanafunga breki, wa mkiani wanakaribia kusimama, kama foleni ya daladala kwenye taa: ya kwanza imeshapita makutano, ya ishirini bado haijatia gia. Aliye mkiani lazima asimame kwenye pedeli na kukimbiza kila baada ya kona. Kona mia kwa siku, mikikimikiki mia.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, yakafanyika Kigali. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5 na jumla ya mita 5,475 za kupanda. Walianza zaidi ya 160, wakamaliza 30. Tadej Pogačar aliondoka Mlima Kigali zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, akashinda. Wengi walikuja kumtazama yeye. Mimi nilikaa Kimihurura, kwenye kile kilima cha mawe, nikitazama mkia. Kila mzunguko sura zilezile zilikuwa zinaingia mwishomwisho, zinachelewa kwenye kona, zinanyanyuka kwenye siti ilhali wale wa mbele wanapanda wamekaa na mikono imelegea. Mzunguko unaofuata, sura mbili tatu hazipo tena. Kilima kiliwamaliza, ni kweli, ila walikifikia wakiwa na deni.

Mazoezi ya kundi hayahitaji hela. Yanahitaji watu wanne wanaoaminiana.

Anzeni kwenye uwanja wa nyasi, mwendo wa kutembea. Endesheni wawili wawili mkigusana mabega, halafu viwiko, halafu mmoja amsukume mwenzake taratibu hadi azoee kutokuogopa. Kiwiko kiwe kimekunjwa. Mkono ulionyooka unapeleka kila mguso moja kwa moja kwenye usukani. Kisha mmoja aguse kwa gurudumu lake la mbele gurudumu la nyuma la mwenzake, makusudi. Mtaanguka. Nyasi hazichuni. Anayegusa gurudumu kwa mara ya kwanza akiwa kwenye lami, kwa kilomita 50 kwa saa, anaangusha na watu kumi walio nyuma yake.

Mkiingia barabarani, kaa nyuma ya mwenzako kwa urefu wa mkono kwanza, baadaye shuka hadi nusu yake. Usikodolee macho tairi lake. Tazama kiunoni kwake, na kupitia begani kwake mbele zaidi, ili uone shimo au tuta kabla yeye hajalifikia. Gurudumu lako la mbele lisipishane na la nyuma la mwenzako. Akiyumba kidogo tu, yeye anaendelea na safari na wewe uko chini. Ukimkaribia sana usifunge breki: toka kidogo upande, upepo ukupunguze, urudi. Mnapopokezana zamu ya kuvuta, anayeingia mbele asiongeze mwendo. Huu ndio ugonjwa wetu. Kila mtu zamu yake ikifika anataka kuonyesha, na kundi linakatika vipandevipande. Kama mlikuwa mkienda kilomita 38 kwa saa, vuta kwa 38, kisha jitoe upande ule upepo unakotokea na uache wenzako wapite.

Upepo wa ubavu ni darasa peke yake, na tambarare za Shinyanga zinafaa kuliko milima. Upepo ukitoka kushoto, kinga haipo nyuma ya mwenzako bali nyuma-kulia. Kundi linapangana mshazari mpaka barabara inakwisha, na wanaokosa nafasi wanabaki wamejipanga msururu kwenye ukingo wa lami bila kinga yoyote. Ulaya, hasa Ubelgiji na Uholanzi, mbio nzima hukatwa hapo ndani ya dakika tano. Fanyeni mshazari wa watu wanne mpaka kila mmoja ajue kwa shavu lake upepo uko wapi.

Halafu chupa. Hapa nina usemi, maana ndiyo kazi yangu. Nikishika chupa naishika juu kwa vidole viwili, mkono nimeunyoosha, na ukija ninarudisha mkono nyuma pamoja na mwendo wako. Wewe ishike chini, kwa kiganja kilicho wazi, usiikwapue. Mfuko wa chakula una mkanda mrefu: pitisha mkono kwenye mkanda, uache ukupande hadi begani, uvae shingoni, ndipo uhamishe vitu mfukoni kimoja kimoja. Ukiushika mfuko wenyewe kwa vidole utazunguka na kuingia kwenye spoki. Nimeona meno yakienda hivyo. Mazoezi yake ni rahisi: mdogo wako asimame barabarani na chupa, wewe upite, uongeze mwendo kila mara. Chupa tupu nazo, tangu Aprili 2021 hazitupwi ovyo. Kuna maeneo maalumu, na ukitupa kwingine unaadhibiwa. Wakati huohuo UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, walipiga marufuku kukalia bomba la fremu unaposhuka mlima. Vijana wengi bado wanafanya, eti walimwona fulani kwenye video. Video ni ya zamani.

Kwenye kushuka nasema machache: breki funga kabla ya kona, si ndani yake, mguu wa nje uwe chini na uzito uuweke hapo, macho yaende unakotaka kutokea.

Mtu atanitajia Chris Froome, kijana wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne. Mtajeni vizuri. Alipita mikononi mwa David Kinjah, mwendeshaji wa Kenya aliyemfundisha kule Kikuyu, akaivaa jezi ya Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006, na mwaka huohuo, kwenye mashindano ya dunia ya vijana kule Salzburg, akamgonga mwamuzi mara tu baada ya kuanza. Miguu tayari ilikuwepo. Mwaka 2007 alipita kituo cha mafunzo cha UCI kilichoko Aigle, Uswisi. Mwaka 2008 akashiriki Tour yake ya kwanza. Ushindi wa kwanza wa Tour ukaja 2013. Kati ya miguu na ushindi kuna miaka ya kuanguka na kujifunza.

Tazama na Eritrea. Wale wana mbio za barabarani tangu enzi za Waitaliano, Giro d'Eritrea ya kwanza ilikuwa 1946, na mtoto wa Asmara anakua akigombania kona na wenzake. Biniam Girmay alipofika Aigle mwaka 2018 hakuwa mgeni wa msongamano. Mwaka 2022 akashinda Gent–Wevelgem, mbio za Ubelgiji, na 2024 akachukua jezi ya kijani ya Tour de France, ile ya anayeongoza kwa pointi, pamoja na hatua tatu, hatua hizo zote kwa kasi ya mwisho, yaani pale kundi linapokuwa limebanana kuliko wakati wote. (Kwenye Giro d'Italia, yaani mbio za Italia, ya 2022, baada ya kushinda hatua, kizibo cha chupa ya mvinyo wa jukwaani kilimpiga jichoni akalazimika kuacha mbio. Ukishinda, elekeza chupa kwingine.)

Kula ukiwa juu ya siti

Waendeshaji wa siku hizi wanakula gramu 90 hadi 120 za wanga kwa saa wakiwa barabarani. Sisi tumelelewa kwamba kula katikati ya safari ni udhaifu, unakunywa maji ukifika. Kwa namna hiyo kilomita 80 utazimaliza, 180 hutazimaliza.

Tumbo linafundishwa. Anza na gramu 40 kwa saa, uongeze wiki hadi wiki. Huna haja ya vipakiti vya nje. Chupa ya ml 750: vijiko vitano vya chakula vya sukari, visijae kupita ukingo, ambavyo ni kama gramu 60, robo kijiko cha chai cha chumvi, maji ya limau. Keki ya wali naitengeneza hivi: mchele unaoshikana, upike uive kupita kiasi, tia sukari, chumvi kidogo na asali ukiwa bado moto, ukandamize kwenye trei, uache upoe, ukate vipande vya vidole viwili na ufunge kwa foili. Foili uifunge ili ifunguke kwa mkono mmoja, kona moja ikiwa imechomoza. Ndizi mbivu na kiazi kitamu cha kuchemsha vinafaa kwenye mazoezi. Saa ya kwanza ndiyo ya kula, hata kama husikii njaa.

Jioni ni wali, ugali, chochote cha wanga, na kingi. Nasema hivi kwa sababu nimechua miguu ya vijana waliosikia kwamba mwembamba ndiye anayepanda, wakaacha kula. Mwezi wa kwanza wanapaa, wa tatu wanaugua mafua yasiyokwisha, mwisho mfupa unavunjika kwa kuanguka kudogo. Wadada, hedhi ikikatika msiifurahie. Mwili unawaambia chakula hakitoshi. Mwone daktari, na kocha anayekwambia ni kawaida mkimbie.

Kujipima, na baiskeli

Mita ya wati, ile inayopima nguvu unayokanyagia, ni nzuri, ukiipata. Usipoipata, tafuta kilima cha lami kinachokuchukua dakika 20 au zaidi, ujue umepanda mita ngapi kwenda juu, kisha upige hesabu ya saa nzima. Ukipanda mita 350 kwa dakika 20, ni 1,050 kwa saa. Wanaopanda mbele kwenye milima ya Tour hupita 1,700. Mombo kwenda Soni pananoga kwa kipimo hiki. Kitonga ni kirefu pia, lakini malori ya kule hayana habari na wewe, paache.

Baiskeli: ya mtumba ya alumini inayokuenea, breki nzima, kofia ngumu, viatu vya kujifungia kwenye pedeli. UCI wenyewe hawaruhusu baiskeli ya mbio chini ya kilo 6.8, kwa hiyo mbio za kupunguza gramu zina mwisho. Nunua matairi kabla ya kununua rimu za kaboni. Basi.

Njia yenyewe, umri na karatasi

Miaka 17 na 18 wewe ni junia, 19 hadi 22 ni chini ya 23. Timu zinachukua watoto wadogo zaidi kila mwaka, kwa hiyo ukiwa na 16 usisubiri. Leseni inatoka kwenye chama cha nchi yako, kwa Tanzania ni CHABATA, nayo inakupa namba ya UCI ambayo matokeo yako yote yanaandikwa juu yake. Tafuta mbio zilizo kwenye kalenda ya UCI. Kwetu kubwa ni Tour du Rwanda, ya Februari, ambayo tangu 2019 imepanda daraja na kuleta hadi timu za ngazi ya juu. Huko ndiko makocha wanakotazama watu, na wanatazama mpaka nafasi ya ishirini. Mkenya Suleiman Kangangi alimaliza wa tatu kwa jumla pale mwaka 2017, akiwa na timu ya Ujerumani ya Bike Aid.

Ngazi za timu ni tatu: Continental, ProTeam na WorldTour. Hapa soma polepole. Ngazi mbili za juu zina mshahara wa chini uliowekwa. Continental haina. Unaweza kuitwa mwanamichezo wa kulipwa, ukapewa jezi, baiskeli na kitanda, na mwisho wa mwezi hakuna kitu. Si lazima ukatae. Jezi hiyo inaweza kuwa mlango. Ila uliza kabla ya kusaini: nani analipa tiketi, nani analipa hospitali, baiskeli nikiivunja ni ya nani? Wanawake wa WorldTour wana mshahara wa chini tangu 2020. Mkataba wa kwanza kwenye timu ya WorldTour ni wa miaka miwili walau, wakikupa wa mwaka mmoja waulize kwa nini. Kuna pia nafasi ya majaribio kuanzia Agosti 1 hadi mwisho wa mwaka, timu inakuchukua umalizie nayo msimu. Wengi wameingia kupitia kidirisha hicho.

Halafu viza. Viza ya muda mfupi ya Schengen ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na msimu unaanza Februari hadi Oktoba. Hesabu haikubali. Timu yenye nia inakuombea kibali cha kuishi katika nchi ilikosajiliwa. Nimemsindikiza kijana mwenye barua ya timu, tiketi na bima kwenye ubalozi mmoja, akanyimwa kwa sababu hawakuamini kwamba atarudi, na mbio zikapita. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kuwa na mihuri: safiri Rwanda, safiri mbio za Afrika, rudi kila mara, tunza barua zote. Omba miezi mitatu kabla.

Ukianza kufahamika utaingizwa kwenye orodha ya wanaopimwa dawa hata nyumbani. Kila siku unaandika kwenye mfumo wa wapimaji kipindi cha dakika 60, kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku, na mahali watakapokukuta. Ukikosekana au kukosea taarifa mara tatu ndani ya miezi 12, unafungiwa kama aliyekutwa na dawa. Kwa kijana wetu hili ni gumu kuliko milima: mtaa hauna namba, simu haina chaji, umeenda msibani bila kusema. Weka kengele ya simu kila jioni, ubadilishe taarifa kabla ya kupanda basi. Dawa za maumivu usipewe na rafiki. Tramado, inayouzwa kirahisi mitaani, UCI waliipiga marufuku 2019 na sasa ni marufuku kwenye michezo yote wakati wa mashindano. Na mitishamba ya kuongeza nguvu isiyojulikana ndani yake kuna nini, mwachie aliyekuuzia.

Kuanguka

Utaanguka. Kangangi niliyemtaja alifariki Agosti 2022 kwenye mbio za njia ya changarawe kule Vermont, Marekani, akiwa nahodha wa Team Amani, na alikuwa mtu mzoefu. Kwa hiyo kofia haivuliwi, hata kwenye mazoezi ya kilomita kumi.

Ukigonga kichwa, siku hiyo imekwisha. Ukisikia kizunguzungu, ukarudia swali lilelile au hukumbuki ulivyoanguka, hupandi tena baiskeli hata kama kocha anapiga kelele garini. Mfupa unaovunjika zaidi ni mtulinga, huo unapona. Michubuko ya lami ndiyo inayopuuzwa. Tunanyoa miguu kwa sababu hii zaidi kuliko urembo: kidonda kwenye ngozi isiyo na nywele kinasafishika na plasta inabanduka bila kuchuna. Osha kwa maji mengi safi na sabuni, toa kila chembe ya changarawe hata ukilia, maana itakayobaki itaota usaha au kubaki nyeusi chini ya ngozi. Funika kwa kitambaa kisichogandamana na kidonda, usikiache kikauke na kutengeneza gamba, badilisha kila siku. Lala kwa upande mzima. Na chanjo ya pepopunda uwe umeipata kabla msimu haujaanza. Ulizia kituo cha afya kilicho karibu.